Bunduki Chini ya Mkeka wa Bibi

Tangu nirudi, sijapita kwenye kibaraza cha kahawa nikaachwa niende zangu. Kila mtu ana swali lake, na maswali yote yanaishia palepale: "Baba Asha, nyama iko wapi?" Nimechoka kusimulia vipande vipande. Mwingine nimempa mwanzo, mwingine nimempa mwisho, na sasa nasikia watu wanabishana kwamba nilisafiri mara mbili. Basi nimekaa niandike yote kwa mkupuo mmoja. Atakayeuliza tena nitampa karatasi hizi asome, na akinywa kahawa yangu huku anasoma, anilipie.

Habari za vibali naziruka. Nilivitafuta, nikavipata, vya huku na vya Zambia, na sijaona binadamu aliyefurahishwa na hadithi ya foleni. Neno moja tu la ofisini nalibeba, maana lilinifuata njia nzima. Afisa wa polisi aliyeniruhusu kusafiri na bunduki alinirudishia makaratasi yangu, akanitazama, akasema: "Mzee, kwa hali ya vita ilivyo ng'ambo ya ziwa siku hizi, bunduki hii ikikutoka mkononi usije hapa kunieleza. Njoo na mkeka wako wa kulalia rumande."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Ujiji: kufunga mzigo

Wengi wenu mnaijua bunduki yenyewe. Ni ile ya marehemu baba, ya mitutu miwili, iliyokuwa ikifukuza nyani kwenye mahindi yetu kule Mwamgongo. Inakaa kwa kaka yangu mkubwa, Hamadi, na kuitoa kwake si kazi ndogo. Alinipa akiwa ameishika upande mmoja na mimi upande mwingine, tukakaa hivyo kitambo kana kwamba tunagombea mwiko.

"Baba aliacha moja," alisema. "Irudi moja."

Nikamwambia itarudi. Dada yetu Mwajabu ameolewa Mpulungu, mwisho kabisa wa ziwa, upande wa Zambia. Mumewe, shemeji Chanda, ni mwindaji wa kweli, na kwa miaka mingi amekuwa akiniita niende tukawinde pamoja. Nilipokuwa kwenye kazi ya reli nilisema nikistaafu. Nilipostaafu nilisema mwakani. Safari hii nikaona nikisema mwakani tena, nitakwenda nikiwa nimebebwa.

Nilijiandaa vizuri, au ndivyo nilivyodhani. Kwenye soko la mitumba la Kigoma nilipata koti la kijani, zito, lenye mifuko kila mahali, na mabuti meusi ya mvua yanayofika magotini. Mafuta ya kupaka bunduki nilichukua ya cherehani ya mke wangu. Nilipovaa vyote nikasimama mlangoni, Mama Asha alinitazama toka juu hadi chini.

"Unakwenda kuwinda," aliuliza, "au kuzibua mitaro?"

Hilo ndilo lililokuwa kosa pekee aliloliona, na hata mimi sikuona jingine. Hapa Ujiji kila mtu ananijua. Nikivaa gunia, watu watasema Baba Asha kavaa gunia, basi. Haikunipitia akilini kwamba huko mbele kuna watu wasionijua, ambao wataanza kuona koti kabla hawajaniona mimi.

Kibirizi: nahodha asiyetaka bunduki

Meli ya kwenda kusini ilikuwa imechukuliwa kusafirisha wakimbizi, na hakuna aliyejua itarudi lini kwenye kazi yake ya kawaida. Nikaenda Kibirizi kutafuta boti. Nilimpata Nahodha Maulidi, mfupi, sauti kubwa, aliyekuwa akipakia magunia ya dagaa ya kuteremka nayo kusini hadi Zambia. Tukaelewana kila kitu mpaka nilipofungua mkeka niliozungushia bunduki.

"Bunduki nzima haipandi boti langu," alisema.

Nikamwonyesha vibali. Akasema vibali ni vya polisi, na polisi hawako katikati ya ziwa. Yeye amewahi kusimamishwa huko na watu wenye silaha waliotoka ng'ambo, na wakikuta bunduki nzima botini hawakuulizi ni ya kupigia kanga au watu. Nikauliza, basi nirudi nyumbani?

"Nimesema bunduki nzima haipandi. Vipande vitapanda."

Kumbe huo ndio utaratibu wake, na ana uzoefu nao. Bunduki ya aina ile hufunguka: mitutu huku, kitako kule. Mitutu ilibaki kwangu ndani ya mkeka. Kitako kikaenda chini ya kiti cha nahodha. Risasi, ambazo nilikuwa nimezitia kwenye kopo la maziwa ya unga, zikakabidhiwa abiria mwenzangu, mfanyabiashara wa dagaa anayeitwa Mama Zaituni, mwanamke mpana mwenye maneno ya kutosha boti zima. Alilifukia kopo katikati ya magunia yake, akalikalia.

"Nikilipuka," alimwambia nahodha, "mwambieni mume wangu nimekufa kwa ajili ya nyati wa huyu mzee."

Tulipaswa kuondoka jioni ile. Tukaambiwa kesho asubuhi. Asubuhi tukaambiwa mafuta ya mashine hayajafika. Yalipofika, fundi hayupo, amekwenda msibani. Nililala juu ya magunia, nikala samaki wa mgebuka wa kuchoma na ugali wa muhogo asubuhi na jioni, na sina la kulalamika, maana mgebuka wa Kibirizi ukila mara mbili kwa siku bado unautaka mara ya tatu. Tatizo lilikuwa mkeka. Mchukuzi mmoja aliugusa, akasikia chuma, akaniuliza kama ni bomba la kisima. Nikaona ni heri jibu hilo kuliko lile la kweli, nikasema ndiyo. Kufika mchana wazee wawili walikuwa wamenifuata nikawatazamie pampu zao, na mmoja alikasirika sana nilipokataa. Alisema mafundi wa siku hizi wana kiburi.

Ziwani

Tuliondoka hatimaye, na jambo la kwanza tulilofanya ni kupita mbele ya Ujiji. Nimeaga watu wangu, nimeombewa dua, nimesindikizwa, halafu naona nyumba zetu zilezile zikipita pembeni, watu wanafua nguo ufukweni. Ujiji ilikuwa imeshabaki nyuma na Mama Zaituni bado ananiuliza kama nataka kushuka nikanywe chai nyumbani.

Kusini zaidi tulipishana na boti lililojaa watu, magodoro, mabeseni na mbuzi mmoja. Lilikuwa limezama mpaka karibu na ukingo. Kwa desturi yetu, maboti yakipishana watu hupunga mikono, hata wasiojuana. Sisi tulipunga. Kule hakuna aliyepunga. Walikuwa wakitutazama tu, wote, hata watoto, mpaka tukapita. Mama Zaituni aliushusha mkono wake, akaanza kukaza kamba za magunia.

Upepo wa kusini ulitukuta baada ya hapo. Maji yaliingia kwa ndoo, nasi tukayatoa kwa ndoo, na propela ikaanza kugonga kitu huko chini. Tulisukumwa, tukasukumika, na kulipopambazuka nahodha akaliingiza boti nyuma ya jabali, kwenye kijifukwe, akasema hapa tunatengeneza. Upande wa pili wa jabali kulikuwa na kijiji. Sitakitaja jina, na mkifika mwisho mtaona kwa nini.

Kila kitu kilikuwa kimelowa. Nahodha alinitupia kitako, Mama Zaituni akanipa kopo langu la risasi, akasema, "Chukua mayai yako, mimi nimechoka kuatamia." Akasema pia nikaulize kijijini kama kuna chakula cha kununua. Nikachukua vyote, nikazunguka jabali peke yangu.

Kijijini

Chuma cha baba kilikuwa kinatiririka maji. Anayejua bunduki anajua kwamba hilo haliachwi mpaka adhuhuri. Nikatafuta jiwe zuri kwenye mwanga, karibu na nyumba za kwanza, nikakaa. Nikafuta mitutu kwa kitambaa, nikatia mafuta ya cherehani, nikafuta kitako, nikaunga. Ilipojifunga ikalia ile sauti yake, *kach*, na mimi nikafurahi, kwa sababu ilimaanisha maji hayakuharibu kitu.

Nikasikia mfuniko wa sufuria ukianguka mahali. Kuku wakapiga kelele. Halafu kimya.

Nilipoingia kijijini sikukuta mtu. Nyumba ya kwanza moto unawaka, maharage yanachemka na kumwagika jikoni. Nyumba ya pili mlango wazi, kandambili moja kizingitini, ya pili haipo. Nikapiga hodi. Nikapiga hodi nyumba ya tatu, ya nne. Hakuna. Hapo, ndugu zangu, nywele zilinisimama. Nikajiambia watu hawa wamepatwa na jambo. Chui ameingia, au watu wabaya wamekuja toka ng'ambo, nao wamekimbilia milimani. Nami ni mtu mzima, Muha wa pwani hii hii ya ziwa, nina silaha mkononi. Nitawaacha?

Nikatia risasi mbili kwenye mitutu, nikaendelea mlango kwa mlango nikiita hodi kwa sauti kubwa ili waliojificha wajue msaada umefika.

Nyumba ya mwisho kabisa sauti ikaniitikia. "Kaze."

Ni neno la Kirundi, ni kukaribisha, na sisi Waha tunalisikia bila mkalimani. Mlangoni alikaa bibi kizee juu ya mkeka, miguu imenyooka mbele yake, myembamba, ya mtu asiyetembea. Alikuwa na ungo wa maharage mapajani, anachagua mawe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwana wanje. Amahoro." Yaani mwanangu, amani. Aliinua uso, akatazama mabuti, koti, bunduki, kisha uso wangu, kwa mpangilio huo. "Umefika kwa mtu. Kwetu mgeni haingii na chuma. Mwenye nyumba hukipokea."

Akaweka ungo chini, akanyoosha mikono yote miwili.

Wale mliokulia Mwamgongo mtakumbuka. Bibi yetu mzaa baba alikuwa akifanya vivyo hivyo. Mgeni akifika na mkuki au panga, mwenye nyumba anaupokea mlangoni, anakwenda kuulaza ndani, na mgeni hauoni tena mpaka siku ya kuondoka. Ukishalazwa, na mgeni akishakula, hapo hakuna tena la kugombana. Sikuwa nimeona desturi hiyo ikifanywa tangu utotoni. Nilifurahi kama mtoto. Nikasahau chui. Nikatoa risasi kwanza, maana hakuna mwindaji anayempa mtu bunduki yenye kitu ndani, nikampa bunduki.

Alibaki amenyoosha mkono mmoja. "Na watoto wake."

Nikampa risasi mbili. Akaona kopo. Nikampa kopo. Risasi mbili alizifunga kwenye pindo la kitenge chake, kopo akaliweka nyuma yake, na bunduki akaiingiza chini ya mkeka. Kisha akajivuta kwa mikono mpaka akaikalia.

"Kaa," alisema. "Utakula."

Alinipakulia maharage yenye mawese na kipande cha ugali wa muhogo kutoka sufuria iliyokuwa karibu yake. Upawa uligonga ukingo wa bakuli, mchuzi ukamwagika mkekani. Nikasema moyoni, uzee huo. Nilikuwa na njaa ya siku nzima, na maharage yale yalikuwa matamu, hilo nalisema mbele ya mke wangu.

"Watu wamekwenda wapi, bibi?"

"Kutafuta kuni."

"Wote?"

"Ego, ndiyo. Wote."

"Na wewe una watoto hapa?"

"Sina."

Kwenye kamba nyuma yake zilikuwa zimeanikwa nguo za watoto, magauni matatu na kaptula. Niliziona, sikuuliza. Nilidhani ni za jirani. Akaniuliza nami naelekea wapi na chuma kile, nikamwambia nakwenda kuwinda.

"Unawinda nani?"

"Nyati, bibi. Kuro. Wanyama."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayemsikiliza mtoto akieleza nani kavunja mtungi.

Nikasikia nahodha akigonga debe upande wa pili wa jabali. Boti tayari. Nikanawa, nikashukuru, nikaomba chuma changu.

"Oya," alisema, yaani hapana. "Jua bado liko juu. Mgeni haondoki hivi."

Nikamweleza habari ya boti. Akasema maboti ni mengi. Nikamweleza habari ya dada yangu Mpulungu anayenisubiri. Akasema dada hachoki kusubiri. Debe likagongwa tena. Nikamweleza habari ya yule afisa na mkeka wa kulalia, na hapo sauti yangu haikuwa ya mgeni tena, ilikuwa ya mtu anayeomba. Akachukua ungo wake, akaendelea kuchagua maharage.

Nawaambia ukweli, niliogopa. Mkono mmoja ungetosha kumsogeza. Mwili wake haukuwa na uzito wa nusu gunia la dagaa. Lakini nani kati yenu angemvuta bibi kizee asiyetembea juu ya mkeka wake, baada ya kula chakula chake? Nilisimama pale nikiwa na jela upande mmoja na laana upande mwingine.

Ndipo Mama Zaituni akaja kunitafuta. Nilimsikia kabla sijamwona, anatukana mabuti yangu kwa kunichelewesha. Alikuwa amepita nyumba zilezile nilizopita. Aliona sufuria zinazoungua, akaona ile kandambili moja, akafika mlangoni, akamwona bibi, akaniona mimi. Akapiga makofi mara moja, polepole.

"Baba Asha. Hebu jitazame."

"Nijitazame nini?"

"Jitazame ulivyovaa, mwanamume wewe! Umetokea ziwani alfajiri, koti hilo, mabuti hayo, ukakaa kwenye jiwe mbele ya nyumba za watu ukaunga bunduki. Hawa wamekimbia vita ng'ambo. Sasa wamekukimbia wewe."

Nilimtazama bibi. Aliendelea kuchagua mawe, lakini vidole vilikuwa vinatupa maharage na kuacha mawe.

Sijawahi kuona haya kama ile. Nilivua koti, nikavua mabuti, nikabaki na fulana na suruali, miguu peku. Mama Zaituni akasimama nyuma ya nyumba, akaelekeza sauti yake milimani, na mkisikia sauti ile mtaelewa kwa nini dagaa wake huuzika. "Jamani ee! Ni mzee wa Ujiji! Ni Muha! Kaja kuwinda nyati na hata kanga hajampiga!" Mlima ukarudisha maneno. Hakuna aliyeshuka.

Debe likagongwa mara ya tatu, kwa hasira. Mama Zaituni akasema, mwinue bibi kwa upole, mimi nitamshika huku, tuitoe bunduki twende. Nikasema hapana. Nikamwambia amwambie nahodha aondoke. Bunduki imelazwa, haiamshwi mpaka wenye nyumba warudi.

"Na boti jingine lisipokuja?"

"Basi."

"Na wenyewe wakirudi na mapanga?"

Nikamwonyesha kwa mkono njia ya kurudi botini. Alinitazama kidogo, akaliokota lile koti la kijani, akaondoka nalo. Baadaye nilisikia kuwa alilitumia kufunikia dagaa.

Nilikaa ufukweni, mahali panapoonekana toka mlimani, mikono juu ya magoti. Nikasikia boti likiwaka, likaondoka, sauti ikapotea. Jua likazunguka. Nilifukuza kuku kwenye maharage ya watu, nikazima moto jikoni mlimokuwa mnaungua, nikarudi kukaa.

Jioni alishuka mtu mmoja, mwenyekiti wa kitongoji, Muha mwenzangu. Mkononi hakuwa na kitu, lakini nyuma ya migomba niliona wenzake walikuwa navyo. Nikainama nikamsalimia kwa Kiha, kwa kupiga makofi, salamu ndefu yote bila kuruka neno, nikauliza mpaka ng'ombe ambao najua hana. Aliitikia yote. Katikati ya salamu ile nikaona mabega yake yanashuka. Hatukugusa vibali. Alitazama miguu yangu peku, akasema, "Mzee, umetutembeza leo." Kisha akageuka akaita.

Walishuka kidogo kidogo. Watoto wa ile nyumba ya mwisho walishuka mbio, wanne, wakamwangukia bibi yao. Aliwashika vichwa, mmoja baada ya mwingine, akawanusa. Halafu akaniita.

Akafungua pindo la kitenge, akanipa risasi zangu mbili.

"Wa kwangu wamerudi," alisema. "Hawa wa kwako."

Akajisogeza, akainua mkeka. Bunduki ilikuwa na joto lake. Niliishika, kisha nikaona giza linaingia na watoto wananitazama kutoka nyuma ya mgongo wake, nikamrudishia. Nikamwambia ailaze mpaka asubuhi, mimi bado ni mgeni. Kwa mara ya kwanza siku ile alicheka, akaipokea.

Usiku ule nilipewa samaki na sehemu ya kulala kwa mwenyekiti. Kabla ya kwenda nilimwuliza bibi jambo lililokuwa likinisumbua, kwamba alipataje ujasiri wa kunikaribisha wakati kijiji kizima kimekimbia.

"Ujasiri gani?" alisema. "Niliogopa kuliko wote. Miguu ndiyo ilikataa."

Mpulungu

Asubuhi bibi alinirudishia bunduki na kopo. Boti jingine lilikuja, na mwenyewe nikafungua bunduki vipande kabla hawajaniambia. Safari iliyobaki ilikuwa ya kawaida: mawe, mawimbi, uji wa chumvi. Dada Mwajabu alinipokea kwa vigelegele na kunicheka kwa kufika peku. Mabuti nilikuwa nimemwachia mwenyekiti, yamemkaa vizuri. Nilikula ugali wao mweupe wa mahindi mpaka nikaota muhogo.

Tuliwinda. Najua hapa ndipo mlipotaka nikae, lakini hakuna marefu ya kusimulia. Nyati tuliona kinyesi chake. Shemeji Chanda alinisogeza taratibu kwa kuro dume, nikampiga kwa bunduki ya baba, akaanguka. Shemeji akanisifu. Tulipopita kijiji cha karibu tukirudi, watu walitutolea njia wakashangilia, nami nikajikuta nawatazama nyuso mmoja mmoja nione kama kuna anayerudi nyuma. Hakuna. Huko hawajui mambo yetu.

Dada alinikaushia nyama kwa moshi, akanifungia kwenye kikapu. Nilimwambia nusu ni ya Ujiji, na nusu ya bibi mmoja.

Kurudi

Nilimwomba nahodha wa kurudi atie nanga kwenye kile kijifukwe kidogo tu. Nilishuka na kikapu begani, mitutu ndani ya mkeka, kitako kwapani, maana kuviacha botini sikuthubutu. Mwenyekiti alinipokea akiwa amevaa mabuti yangu. Watu wengine walinisalimia kwa utani, wakauliza kama leo wakimbie au wasubiri.

Nyumba ya mwisho ilikuwa imefungwa kwa kamba. Kamba ya nguo ilikuwa tupu.

Mwenyekiti alinieleza. Wale wakimbizi walikuwa wakiishi pale kimya kimya, bila kwenda kambini, wakilima na kuvua na wenyeji, ambao serikali ingewaadhibu kwa kuwaficha. Nilipoondoka walikaa wakashauriana. Wakasema, ikiwa mzee wa Ujiji asiyetafuta mtu ametufikia mlangoni, anayetutafuta atashindwaje? Wakaenda wenyewe kambini. Bibi alibebwa kwa machela, watoto wakibeba ungo na sufuria.

"Bibi alikuachia neno," mwenyekiti alisema. "Alisema ukipita, umsamehe, usiingie. Hakuna mtu nyumbani wa kukupokea chuma."

Sikuingia. Nilisimama nje ya kizingiti pamoja na vipande vyangu mpaka nahodha akaanza kuita. Nusu ya nyama nikampa mwenyekiti awape waliobaki kijijini, naye akanitajia jina la bibi. Nusu nyingine, ile yenu, nilipofika Kigoma nilimtafuta mtu anayepeleka mahindi kambini, nikampa kikapu chote pamoja na jina la bibi na la kijiji. Kambi ni kubwa. Sijui kama alimpata. Basi nyama iko huko, na anayeidai anajua barabara.

Nyumbani, Mama Asha alitoka mlangoni kunipokea mzigo kama siku zote. Nikamwambia angoje. Nikakaa kwenye ngazi, nikaunga bunduki, nikahakikisha ni tupu, nikampa kwa mikono miwili.

"Ya nini hii?" aliuliza. "Kwani umekuwa mgeni hapa?"

Nikamwambia apokee tu, akailaze ndani, kesho nitaipeleka kwa kaka Hamadi. Alinitazama peku, bila koti, bila nyama. Akaipokea, akaingia nayo, na niliposikia imelala ndipo nikaingia.